Msumari wa Upande wa Pili

Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika pale redioni. Waliomheshimu walimwita Mama Msumari; wasiomheshimu waliliacha hilo la Mama. Na aliyembandika jina hilo hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Mzee Nyuzi mwenyewe, mwanamuziki aliyezichukua nyimbo za kutwangia za bibi yake, akazitia gitaa la umeme, nchi nzima ikacheza huku imekunja ngumi.

"Yule dada anayetunza santuri," Nyuzi alisema mbele za watu, miaka thelathini na moja iliyopita, "ameuchanachana wimbo wangu kwa msumari. Msimsalimie."

Watu wakatii. Watu wetu kwa kununa ni hodari. Kwa kuuliza nani aliyemtuma, wavivu.

Aliyemtuma alikuwa afisa mmoja wa suti ya rangi ya majivu. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimewafungia wafanyakazi nje siku kumi na moja, mama mzazi wa Mama Msumari akiwa mmoja wao. Nyuzi akatoa santuri ndogo: upande wa kwanza wimbo wa lango, upande wa pili wimbo wa mapenzi, wa dirishani. Wakubwa wakaamuru za madukani zichomwe moto zote, na ile moja ya redioni ikwaruzwe upande wa lango, isipigwe tena milele. Milele ya wakubwa, tunaijua urefu wake.

Sasa asubuhi hii bosi wa redio aliingia maktaba ya santuri akipiga mluzi.

"Mama, saa nne tunamuenzi Mzee Nyuzi, naye yuko njiani. Niletee ile ya dirishani. Ndiyo niliyopigiwa na bendi nikiingia ukumbini siku ya harusi yangu."

"Na ya lango?"

"Ya lango si uliimaliza mwenyewe?" Bosi akacheka mpaka tai ikaruka. "Halafu sikiliza. Mzee tunamuenzi, hatumfufui."

Akatoka. Mama Msumari akanyoosha mkono kwenye rafu ya nne, hakuhitaji hata kutazama. Ganda la santuri lenye msalaba mwekundu.

Alilijua jambo ambalo bosi hakulijua. Siku ile afisa alisimama mlangoni kuwasha sigara, mgongo kaupa upepo. Katika muda wa kiberiti kimoja binti wa miaka ishirini na minane aliigeuza santuri, akafunika kibandiko kwa kidole gumba, akaukwaruza wimbo wa mapenzi. Afisa akapitisha ukucha juu ya michirizi, akasema, "Safi," akachora msalaba wake. Kwake yeye santuri ilikuwa sahani nyeusi, basi.

Hakumwambia mtu, hata mumewe. Siri ya watu wawili ni tangazo. Lakini tusimpambe: kuokoa kitu kisha kukificha miaka thelathini na moja ni nusu ya ushujaa. Nusu iliyobaki ilikuwa woga, na woga huo aliufahamu kwa sura na mwendo. Zimebaki siku tisa astaafu. Angeweza kusema tu, "Bosi, hii imeharibika, tutafute nyingine," akaenda zake nyumbani na barua ya shukrani na saa ya ukutani. Na lango lingebaki kimya, na Nyuzi angekufa akiamini alichokiamini.

Studioni Nyuzi alikuwa ameketi, skafu shingoni. Madaktari walikuwa wamempasua koo. Sauti iliyobaki ilikuwa kama karatasi inayokunjwa. Ubavuni pake mtangazaji, binti mcheshi, alikuwa anapanga maswali.

"Shikamoo, kaka," Mama Msumari akasema.

Nyuzi akaitazama maikrofoni. Shikamoo ikabaki inaning'inia hapo, nguo isiyo na mwenyewe.

"Mwambieni kachelewa," mzee akanong'ona kwa mtangazaji. "Kama amefuata koo langu, wengine wamemtangulia kulikwaruza."

Mama Msumari alifunga mlango, akasukuma komeo. Akaiweka santuri kwenye mashine.

Mtangazaji akachungulia. "Mama, mbona huo ni upande wa..."

"Kusoma najua, mwanangu."

Taa nyekundu ikawaka. Sindano ikashuka.

*Lango hilo ulofunga
lilichomelewa nami,
na bawaba zake zote
zanitambua kwa jina.*

Ilikuwa sauti ya Nyuzi wa miaka arobaini na saba, sauti yenye meno. Haikuruka, haikukwama. Mzee alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Nje bosi alifika mbio. "Fungua! Mama, fungua mlango!" Akamgeukia fundi mitambo nyuma ya kioo, akamwonyesha swichi. Fundi akaitazama swichi, akamtazama bosi, akaitia mikono yake makwapani kama mtu aliyeshikwa na baridi.

"Vunja!" bosi akamwamuru mlinzi.

"Ngoja kwanza uishe, bosi," mlinzi akasema, na akaendelea kuimba. Mfagizi alikuwa anaimba. Mpika chai alikuwa anaimba, birika mkononi. Wimbo ulipofika mahali pa gitaa tupu, wao hawakunyamaza:

*Mlisema tumekwisha,
mbona mwatulinda bado?*

Nyuzi akainua kichwa. "Ubeti huo si wangu."

"Babu, sisi ndivyo tulivyofundishwa," mtangazaji akasema. "Bibi yangu aliuimba akifua. Mie nilidhani ni wimbo wa kufulia."

Mzee akacheka bila sauti, mabega tu. Sindano ikafika mwisho. Aliiondoa santuri mwenyewe, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye michirizi ya wimbo wa mapenzi. Akairudia tena na tena, polepole.

"Ulikwaruza Dirishani."

"Nilikwaruza, kaka."

"Ulikuwa wimbo mbaya sana," Nyuzi akasema. Kisha akaisogelea maikrofoni, na ile karatasi ya sauti ikasikika nchi nzima: "Marahaba, dada yangu. Marahaba."

Komeo lilikuwa linatikisika. Mama Msumari alijifuta macho kwa kiganja, akapokea santuri, akaigeuzia upande wa lango, na akairudisha sindano mwanzo.