Hajakosa Hata Siku Moja

Karani alimwambia dobi asimame vizuri mbele ya dirisha, maana yeye haongei na mtu aliyeinama. Dobi hakuwa ameinama kwa adabu. Alikuwa na mtoto wa miaka tisa mgongoni, kamfunga kwa shuka, na mtoto wa miaka tisa si mzigo wa kusimama nao wima. Tangu asubuhi walikuwa kwenye foleni ya ofisi ya elimu, watu wawili kwa mgongo mmoja. Miguu ya binti ilikuwa imerefuka mwaka huu, na kila hatua ilimgonga mama magotini.

Mtaani humwita binti huyo Bibie, kwa sababu hukaa mlangoni kwenye kigoda chake akiagiza: nipe kile, sogeza hiki, jua limenifikia. Miguu haijambeba tangu azaliwe, lakini mdomo, wee, huo ulishazunguka mtaa mzima. Mama yake anafua na kupiga pasi sare za watoto wa watu. Bibie ndiye anayezikunja, na herufi zote anazozijua amejifunzia kwenye kola, kwenye majina ya wenye sare.

Kilichowaleta ofisini ni nafasi. Ilikuwa imefunguliwa shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu, ina walezi wa kuwabeba hadi chooni, na ilichukua wale tu ambao hawamo kwenye orodha ya shule yoyote. Mwisho wa kupokea majina ulikuwa siku hiyo, saa kumi. Dobi alipozisikia habari hizo alilia kwa furaha, akaacha nguo za watu kwenye beseni.

Karani alibonyeza kompyuta yake, akatazama, akabonyeza tena.

"Huyu yuko shule," akasema.

"Huyu yuko mgongoni mwangu."

"Mama, mimi nasoma kilichoandikwa. Darasa la pili. Mahudhurio asilimia mia."

Dobi akaikumbuka ile siku. Mwaka uliopita mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimwita kwa heshima zote, akamweleza kwamba elimu sasa ni ya kila mtoto, dunia nzima imekubaliana. Kiti cha magurudumu kilikuwapo, kipya, bado kina nailoni. Bibie akaketishwa, akasukumwa hadi mbele ya darasa, wageni wa mradi unaoifadhili shule wakaingia, wakampiga picha na kumpigia makofi. Alirudi nyumbani hataki hata kula, anasimulia tu.

Kesho yake dobi alimchana nywele mapema, akambeba. Kiti hakipo. Kimepelekwa shule nyingine, kwa kuwa wageni walikuwa wanaelekea huko. Kumbe kilikuwa kiti kimoja cha shule saba, kazi yake kuwatangulia wageni. Mwalimu wa darasa akauliza bila kiti nani atamhudumia huyu. Dobi akasema atakuja yeye mwenyewe, kila siku, nguo atafua jioni. Akajibiwa kwamba wazazi hawaruhusiwi kuzurura shuleni, amlete mtoto kiti kikirudi. Kilirudi? Thubutu.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hawakuifikiria shule ile, ambako mtoto hayupo lakini namba anayo, na kila asubuhi kuna mtu anamwitikia kwa kalamu.

Karani hakuwa na ubaya wala wema. Alisema mwalimu mkuu akiandika barua ya kumwondoa mtoto kwenye orodha, naye ataandika jina. Lakini iwe kabla ya saa kumi. Dobi akaenda mbio, kama mbio za aliyebeba mtu nazo zinaitwa mbio, jasho likiwalowesha yeye na mwanawe.

Mwalimu mkuu aliwapokea vizuri. Alimpa Bibie maji, akamsifu alivyokua. Alipoelezwa shida akaufunga mlango.

"Mama, nikimfuta huyu, shule yangu haina hata mtoto mmoja mwenye ulemavu. Mradi unaondoka. Yale madarasa mawili hayajaezekwa, na nina watoto mia tisa."

"Na huyu wangu, mwalimu?"

"Huyu si ameandikishwa? Wako wengi huko nje hata jina hawana."

Dobi akapiga magoti, na mtoto akiwa vilevile mgongoni. Akaomba mistari miwili tu. Mwalimu akamshika mkono kumwinua, akaangalia saa ya ukutani, akasema arudi baada ya ripoti ya mwaka kupelekwa. Nafasi inafungwa leo, dobi akamwambia. Zitafunguliwa nyingine, mwalimu akamwambia. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Halafu akavuta droo, akatoa karatasi yenye mhuri, akampa Bibie mkononi ili asitoke mikono mitupu.

Nyumbani dobi alimfungua mtoto, akamweka kwenye kigoda. Roho ilimuuma hata akashindwa kunyoosha mgongo. Nguo bado zilikuwa kwenye beseni, za watoto wanaozihitaji kesho, akakaa kufua. Bibie akaisoma ile karatasi kwa kidole, herufi moja moja, mama akimsaidia maneno yanapogoma. Jina lake. Darasa la pili. Kusoma, vizuri. Nidhamu, nzuri sana. Nafasi, wa kumi na nane kati ya arobaini na sita. Maoni ya mwalimu: hajakosa hata siku moja.

Akaurudia kwa kidole ule mstari wa mwisho. Halafu akainua macho.

"Mama, huyu mwenye jina langu, yeye anatembea?"

Dobi alikamua sare, akaikamua tena na maji yalikuwa yameshakwisha.

"Anatembea, mwanangu."

"Ndiyo maana hakosi," Bibie akasema, akamrudishia karatasi.