Pindo la Kushoto

Mgongo wa fundi cherehani ulikuwa kwenye mgomo kwa miezi minane sasa, bila notisi wala orodha ya madai. Akishona sketi mbili, kiuno kinawaka moto. Ya tatu inamkuta amelala chali sakafuni, na wateja wanamruka kama kizingiti.

Siku ya majibu ya eksirei alisindikizwa na mdogo wake, mwanamke asiye na breki mdomoni. Mtaalamu wa viungo akaweka picha kwenye taa. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kidogo, kama mshono wa mwanafunzi siku ya kwanza.

"Si nilisema!" Fundi akadakia. "Mhalifu huyo hapo! Haya, niambie tu niuze cherehani nikae nyumbani nife njaa."

"Taratibu, mama. Kupinda kwenyewe ni kidogo. Wengi wako hivyo na hawaumwi. Sidhani kama ndiyo sababu."

"Umepinda, unauma, halafu hauhusiki? Umeweka wakili?"

"Dada, mwache daktari wa watu," mdogo wake akasema. "Tangu shuleni kila sketi yako unaishusha pindo la kushoto."

Fundi akainamia pindo la sketi yake. Kweli. Miaka thelathini alikuwa akijikatia kushoto upana wa kidole zaidi, akilaani vitambaa kwamba vinapanda upande mmoja. Kumbe futi yake mwenyewe ilikuwa ikimpima mgongo, naye akirekebisha nguo!

"Miaka yote hiyo uliumwa?" mtaalamu akauliza.

"Wala."

"Basi miezi minane iliyopita kulibadilika nini?"

Fundi akatazama dari. Mdogo wake hakutazama popote; alijibu yeye.

"Alimpa binti yake meza ya kushonea, siku ya harusi. Cherehani sasa iko juu ya sanduku la nguo. Anashona amejikunja kama anachungulia kisima."

Akaandikiwa mazoezi, akaambiwa ainuke kila nusu saa, atafute meza, na asitegemee muujiza kesho. Miezi minane ya kuchuliwa, mkanda wa kiunoni na kulala juu ya mbao, kumbe sanduku! Alitoka na hasira nyingi kuliko alizoingia nazo, na hakujua amgombeze nani.

Akampigia binti yake.

"Nataka meza yangu."

"Mama! Si tunakula juu yake?"

"Leo mtakula kwenye sanduku. Nawaletea. Mwambie mumeo aje alibebe, mimi mgongo unauma."