Msimamizi wa Miwani

Mume wangu alikuwa fundi saa. Siku aliyokufa alitungua saa ya mteja kwenye msumari wa ukutani kwetu, akaibeba kwapani kumpelekea. Alipofika kwenye kizuizi cha walinzi wa kukodi, wale wa kampuni ya kigeni waliokuja na vita, saa ikaanza kugonga kutangaza saa sita mchana. Mlinzi mmoja akadhani ni bomu, akapiga risasi tatu. Saa ilimaliza kugonga. Mume wangu hakuinuka.

Mlinzi huyo tulimwita Miwani, maana hata ndani hakuvua miwani yake ya jua. Namjua vizuri. Nilikuwa nampikia chai kila asubuhi getini kwao, vijiko vinne vya sukari, Mungu anisamehe.

Sikutaka makubwa. Nilitaka karatasi moja yenye mhuri iseme nani alimuua. Cheti cha kifo kiliandikwa "ajali ya barabarani", kwa kuwa alianguka barabarani.

Polisi wakanituma kwenye ubalozi wa nchi ya Miwani. Ubalozini wakasema Miwani si askari wao, ni raia. Mahakamani wakasema raia wa namna hiyo ana kinga kama askari. Nikamkalia kooni karani wa mahakama.

"Sasa mwanangu, si askari, si raia. Ni nini?"

Akapekua mkataba. "Hapa ameandikwa huduma, mama."

"Huduma imeniulia mume?"

"Huduma haiui, mama. Ikizidi sana inachelewa."

Nikaenda kwa wakili wa kampuni. Alinikaribisha kiti, akasema kwa upole kwamba mlinzi akikosea anayejibu ni msimamizi wake. Moyo ukaruka kwa furaha. Akafungua daftari la mahudhurio, akatafuta jina la msimamizi, akanigeuzia ukurasa.

Sahihi ilikuwa yangu. Miaka miwili mizima! Wakubwa wa kambi walipenda usingizi, na mimi nilifika alfajiri kuwasha jiko, basi wakaniambia, "Mama Chai, tia sahihi hapo, ni utaratibu tu." Nikatia, mjinga mimi, huku nakoroga chai.

"Kisheria utajishtaki mwenyewe," wakili alisema, akanipa mkono wa pole.

"Basi kama mimi ni mkubwa wake, namwita. Aje hapa leo!"

"Ameshahamishiwa vita vingine, mama."

Nilicheka barabarani mpaka watu wakanipisha. Nyumbani nililia.

Wiki iliyofuata ikaja bahasha ya kampuni: "Kwa Msimamizi." Miwani anaomba kazi ya kulinda hospitali ya watoto, naombwa nimpe sifa. Je, ni msafi? Je, anawahi kazini? Je, amewahi kudhuru mtu? Visanduku vya kujibia swali hilo vilikuwa viwili: "Hapana" na "Hapana kabisa".

Nikachukua rula ya marehemu, nikachora kisanduku cha tatu. Nikaandika: "Ndiyo. Alimuua mume wangu, fundi saa, saa sita mchana, kwa risasi tatu, marehemu akiwa amebeba saa." Nikatia sahihi ileile ya daftarini, nikaipeleka fomu kwa yule karani wa mahakama.

Alisoma mara mbili. Akaangalia mlango wa bosi wake.

"Fomu ya msimamizi lazima nigonge mhuri," akasema. "Ni utaratibu tu."

Akagonga nakala mbili. Moja nimeipelekea kampuni. Nyingine nimeitundika ukutani nyumbani, kwenye msumari uliobaki bila saa.