Ng'ambo ya Uwanja

Mume wangu aliniamkia shikamoo kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, mbele za watu. Luhende ananizidi umri, mzee mzima na fimbo yake, halafu shikamoo! Nikaitikia marahaba kwa hasira, maana ningefanya nini? Binti yetu Hellen akageuka kutazama ziwa, nikajua analia.

Luhende alikuwa bwana mifugo. Wilaya zote za mkoa huu alizizunguka kwa pikipiki ya serikali, na mimi nyuma yake kila nilipopata nafasi, mkono mmoja kiunoni mwake, mwingine umeshika sufuria ya chakula. Wenzetu walisafiri kwenda kuona visiwa na mawe makubwa. Sisi tulikwenda kuona majosho ya ng'ombe, visiwa na mawe tukayaona njiani. Raha ile naikumbuka mpaka kifua kinauma.

Sasa ugonjwa wa kusahau umemwingia taratibu. Ulianza na funguo, ukafuata majirani zetu wa Butimba, mwisho ukanifikia mimi. Nilitaka kitu kimoja tu: aniite jina langu, Ng'washi, hata mara moja, kabla hajapotea kabisa.

Safari aliipanga Hellen, ambaye ana kampuni ndogo ya kutembeza wageni pale Mkuyuni. "Mama, mimi napeleka wageni kila wilaya wakaone vivutio," aliniambia. "Kwa nini tusimpeleke baba kule mlikopita wote? Huenda kitu kikamgusa. Ila usibishane naye. Nesi amesema tumkubalie kila kitu."

Nikakubali. Mimi, niliyebishana na huyu mwanaume tangu usichana wangu, nikawa mpole kama maji ya mtungini. Nilimshika mkono, nikasema ndiyo baba, sawa baba. Nansio, tuliposhuka kivukoni, tulitembea ufukweni tulikowahi kunyeshewa mvua tukacheka kama wehu. Akanitazama kwa heshima. "Mama, wewe ni mwenyeji wa hapa?"

Kule Kwimba alilikumbuka josho, akamkumbuka na dume aliyempiga teke. Nilimwonea wivu ng'ombe, Mungu anisamehe. Tulipofika Kigongo, Hellen akatuvusha kwa daraja jipya kwenda Sengerema, na kabla sijakaa vizuri tukawa Busisi. Luhende akahuzunika kweli.

"Kivuko kiko wapi? Tulikuwa tunakisubiri hapa, tunakula sato wa kukaanga."

"Ulikuwa unakula na nani?" nikauliza.

Akafikiri. "Mwanamke mmoja hivi. Mbishi huyo!"

"Anaitwa nani?"

Akatikisa kichwa, akarudi kutazama maji.

Ikabaki Magu. Tulikwenda Kisesa mwezi wa sita, wakati wa sikukuu ya Bulabo, ngoma za Wasukuma zinaposhindana. Kwetu kuna pande mbili, Bagika na Bagalu, na mtu huzaliwa nao upande wake. Pande zote hucheza kwa wakati mmoja, huku na huku uwanjani, na watazamaji wenyewe ndio kura: ngoma iliyovuta watu wengi ndiyo imeshinda. Kwa hiyo pale unaposimama si jambo dogo. Mimi ni Mgika. Luhende ni Mgalu. Kwenye uwanja kama ule ndipo aliponiona kwanza, akanitania kutoka ng'ambo, nikamrudishia maneno mpaka wenzake wakamcheka. Tulioana, lakini kila Bulabo kila mtu alisimama kwao.

Siku hiyo miguu yake yenyewe ilimpeleka kwa Bagalu, bila kuelekezwa. Nami nikamfuata. Kwa mara ya kwanza maishani nikasimama na Bagalu, nimemshika mkono, nikiona aibu hata kwa marehemu baba yangu. Ngoma zikaanza. Luhende akanigeukia akitabasamu.

"Shikamoo mama. Na wewe ni Mgalu?"

Hapo upole ukaniishia. "Mimi? Mgalu?" nikafoka. "Heri nife!"

Hellen akanivuta nguo, "Mama, jamani!" lakini nilikuwa nimeshauachia ule mkono. Nikaukata uwanja kwa hasira, machozi yananitiririka, nikaenda kusimama kwetu, kwa Bagika. Nikajifuta uso kwa khanga, nikainua kichwa.

Ng'ambo, kwenye vumbi, Luhende alikuwa amesimama wima. Ameninyooshea fimbo yake.

"Ng'washi!" aliita. "Ng'washi binti Shimba! Mpaka leo hujachoka kushindwa?"

Hellen alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Kushindwa na nani?" nikapaza sauti. "Na nyie mnaocheza kama mnakanyaga udongo wa matofali?"

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka, kicheko chake kile cha kwenye pikipiki, akaniita kwa mkono.

"Njoo huku, mke wangu. Njoo."

Nilitamani kukimbia. Nilitamani nimkumbatie mbele ya Bagika na Bagalu wote. Lakini kule nilikuwa nimetoka sasa hivi, na kule nilikuwa mama wa kuamkiwa; huku ndiko nilikokuwa Ng'washi. Nikaikaza khanga kiunoni.

"Sitaki!" nikamjibu. "Njoo wewe!"

Tukaendelea hivyo, yeye kwao, mimi kwetu, mpaka ngoma zikanyamaza.