Mlima wa Jalila

Jumanne, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Kache alikuwa akifunga kreti mbili za mikate kwenye keria ya baiskeli yake, nje ya bekari moja kule Kibarani. Alizifunga kwa mpira wa tairi kuukuu, akavuta mara mbili, akatikisa. Hazikucheza. Kutoka hapo alipanda barabara ya ndani, ile ipitayo nyuma ya yadi za makontena, hadi Changamwe juu, kisha akaelekea Magongo kugawa mikate kwenye maduka na vibanda vya chai. Mlima ule ulikuwa na nguzo kumi na moja za umeme. Alikuwa ameupanda kwa miaka sita, na nguzo zile alizijua kama mtu anavyoyajua meno yake kwa ulimi.

Siku hiyo alihesabu kumi na saba.

Kati ya nguzo ya nane na ile iliyokuwa ya tisa palikuwa na kipande kigeni, kikali kuliko vyote, kisicho na duka wala geti; ukuta mtupu upande huu, majani upande ule. Kache alisogea nyuma kwenye siti, akalegeza mikono, akakipanda. Alifika Magongo amechelewa dakika tisa. Aliwaambia wateja kwamba mlima umerefuka. Wakamwambia pole, wakapokea mikate yao.

Jalila alikuwa shoga yake, mshonaji wa mapazia pale Magongo. Zamani Jalila aliijua baiskeli ya tambarare tu. Penye mwinuko alishuka akakokota. Kache ndiye aliyemfundisha kupanda. Gia ibadilishe kabla mlima haujaanza, alimwambia, maana ukishaingia ndani mnyororo una mzigo, utakukatalia. Keti. Kusimama ni akiba ya mwishoni, usiitumie mapema. Usitazame juu hata siku moja. Tazama hatua nne mbele ya gurudumu, ukizifikia tafuta nyingine nne. Na pumzi zifuate miguu: mizunguko miwili ukivuta, miwili ukitoa.

Walifanya hivyo kila Jumapili kwa miezi saba. Siku za mwanzo, Jalila alipoishiwa nguvu katikati, Kache alimwekea kiganja mgongoni akamsukuma mpaka juu, huku mwenyewe akiendesha kwa mkono mmoja.

Kisha kocha wa klabu yao ya wanawake waendesha baiskeli, Absalom, mtu wa bara aliyehamia Changamwe kikazi, akasema amepata nafasi moja ya kambi ya mazoezi Nyahururu. Kambi ya wapanda milima, miezi sita, na atakayefanya vizuri huko angeingia timu ya taifa. Nafasi ilikuwa moja, na waliofaa walikuwa wawili. Kache na Jalila wakakubaliana kwamba atakayekwenda ataipata kwa miguu yake, na atakayebaki atamfungia mwenziwe mizigo. Jalila aliapa wallahi, bila kuombwa.

Wiki ile ile mlima ulipomrefukia Kache, kwa Jalila ulianza kulala. Wauza mahamri wa Kibarani waliona. Jalila akija, barabara ilijinyoosha mbele yake kama mkeka unaotandikwa, naye akapita akizungumza na simu. Akishapita, ikainuka tena. Walimsimulia Kache habari hiyo kama wangemsimulia kwamba shoga yake amenunua dera jipya.

Kache alikwenda kumwuliza.

"Shoga, mlima kwako u vipi siku hizi?"

"Mwepesi," alisema Jalila, macho kwenye cherehani. "Nadhani nimezoea."

"Kwangu una nguzo ishirini na mbili."

"Basi umechoka. Pumzika hata wiki moja."

Siku ya majaribio Absalom alikuja na saa na gurudumu la kupimia barabara. Alimfuata Jalila nyuma akapima mita mia nne, tambarare. Akamfuata Kache akapima mita elfu moja na mia sita, zote za kupanda, na mahali fulani ilimbidi alikokote gurudumu lake kwa mikono miwili. Alirudia ili asije akamdhulumu mtu. Vipimo vilikuwa vile vile. Jalila alitumia dakika moja. Kache alitumia dakika nane na nusu, na kufika juu alifika amekaa kwenye siti.

Absalom alimwita kando.

"Kache, huo moyo wako unaendeleaje?"

"Moyo upi?"

"Jalila aliniambia. Eti umezimia mara mbili hapa mlimani na unaficha. Alisema ananiambia juu ya vile anakupenda."

"Alikuambia lini?"

Absalom alifikiri. "Mwezi uliopita. Ilikuwa Jumatatu jioni."

Kache akaikumbuka ile Jumanne iliyofuata, ya nguzo kumi na saba. Hakuhisi kitu kifuani. Alihisi kwenye kiganja, kile alichokuwa akimwekea Jalila mgongoni; kiliwaka kama kimeshika sufuria ya moto, akakifuta kwenye suruali.

"Sijazimia hata mara moja," alisema.

"Naona. Mtu wa kuzimia hawezi kupanda kitu kama hicho." Absalom aliutazama mlima, mkono juu ya macho. "Huyo Jalila amekuachia mlima wake. Kwetu kuna mzee alifanyiwa hivyo na kaka yake, lakini yeye ulikuwa mto."

"Basi andika hivyo."

Absalom aliigeuza karatasi ya matokeo mbele na nyuma, akamwonyesha. "Hapa kuna mahali pa jina na mahali pa dakika. Mahali pa mlima hakuna." Akaandika dakika.

Jioni Kache alimkuta Jalila anakunja nguo. Begi lilikuwa wazi kitandani. Kache hakukaa.

"Nilizimia lini, Jalila?"

Jalila alikunja blauzi moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Ungekwenda wewe, mimi ningebaki na mapazia ya watu mpaka nizeeke."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningekusukuma," alisema Kache.

Jalila alianza kulifunga begi. Lilikuwa limejaa sana, zipu haikufungika. Kache aliitazama ikimshinda kwa muda, kisha akaondoka bila kuigusa.

Jalila alipofika Nyahururu mlima wa Changamwe ulifika nguzo thelathini na nne. Kipande kipya kilikuwa na ukungu na miti ya mitarakwa kama ya Nyahururu, na asubuhi kondoo walivuka barabara bila mchungaji. Watu wakakiita Bara. Mwarandu, aliyekuwa akiuza maji kwa mkokoteni, alihamia pale akafungua kibanda cha chai ya tangawizi, na kwa wasiozoea baridi alikuwa na masweta ya kuazima. Unachukua chini ya mlima, unarudisha juu. Wakazi walilalamika kidogo juu ya kinyesi cha kondoo, wakazoea. Bekari ilimtaka Kache aanze kazi saa tisa alfajiri. Alianza saa tisa.

Mwezi wa nne wa kambi, akiwa amesimama kwa Mwarandu kunywa chai, redio ilitangaza kwamba Jalila ameshinda mbio za milima na ameingia timu. Mtangazaji alimwuliza ni nani aliyemfundisha kupanda. Jalila alisema alijifundisha mwenyewe, kwani kwao Mombasa ni tambarare. Mwarandu alipunguza sauti ya redio kwa adabu, akamwongezea Kache chai.

Siku mbili baadaye simu ililia, Kache akiwa katikati ya Bara, ukungu umemfika magotini, kreti nyuma. Alipokea kwa mkono mmoja huku akiendelea kunyonga pedali.

"Kache," Jalila alisema. "Nasikia pumzi zako. Uko wapi?"

"Niko kwenye mlima wako."

Jalila akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemwomba jirani chumvi, "Leo tuna mbio, hapa niko tayari juu ya baiskeli. Tafadhali usisimame, shoga yangu. Ukisimama, mimi huku naanza kuusikia miguuni."

Kache aliweka mguu chini.

Kwenye simu akasikia mnyororo ukikwaruza, kisha Jalila akihema. Kwanza mizunguko miwili ndani na miwili nje kama alivyofundishwa, kisha bila mpango. Kondoo mmoja alikuja akanusa kreti. Kache alisimama pale, simu sikioni, kwa muda ambao angeweza kupita nguzo tatu. Huko Magongo vibanda vya chai vilikwisha kuwasha majiko, na watoto wa shule walikuwa wakingoja mikate arobaini ambayo hakuna mtu mwingine angeipandisha.

Akarudisha mguu kwenye pedali, akakaa, akatazama hatua nne mbele ya gurudumu.

"Ahsante," alisema Jalila, pumzi zimeshamrudia, akakata simu.