Siku Tisini

“Diploma yako ya miaka miwili ndiyo inanifundisha mimi zege?” binti yangu aliniuliza, mkono kiunoni, ndani ya maabara niliyoanza kuifagia kabla yeye hajaota meno.

“Sikufundishi zege. Nakufundisha kuhesabu. Ishirini na nane na tisini, ipi kubwa?”

“Mama, punguza sauti. Wakaguzi wako juu.”

“Wana masikio. Wasikie.”

Wakaguzi walikuja kuhakiki kama bado tunastahili kuitwa shule ya kwanza ya uhandisi nchini. Nafasi hiyo tuliipata kwa makala ya binti yangu kuhusu zege lililochanganywa na jivu. Makala ilisema kwamba ndani ya siku ishirini na nane linakuwa gumu sawasawa na zege la saruji tupu. Watafiti wakainukuu kila kona. Bango la sura yake likawekwa getini, kichwa kikubwa kuliko mlango wangu wa jikoni. Majirani wote wanajua. Niliwachosha mwenyewe kwa kuwasimulia.

Asubuhi hiyo mkuu wa kitivo alinituma nitafute kumbukumbu za zamani za kuwaonyesha wakaguzi. Nikafungua daftari la matengenezo, mwandiko wangu mwenyewe. Mwaka ule wa majaribio, mashine ya kupondea vipande vya zege ilikufa miezi miwili, tukisubiri kipuri. Vipande vya binti yangu vililala ndani ya maji muda wote huo. Mashine ilipopona, akavipima siku ya tisini. Fomu zilikuwa zimeshachapwa “siku 28”, naye akajaza humo humo.

Zege la jivu ni kama mtoto mzito wa kusema. Linakawia, lakini likianza halishikiki. Siku ya tisini ni jiwe. Siku ya ishirini na nane bado ni la kubembelezwa.

Sasa zahanati moja ilikuwa imejengwa kwa mchanganyiko huo. Vipande vya jengo lenyewe hatukuvipima. Tulitoa cheti kwa kutegemea makala, maana nani apime tena kilichosifiwa na nchi nzima? Siku hiyo ilikuwa ya ishirini na nane tangu zege limwagwe. Saa nane mchana mafundi wangeondoa nguzo za mbao zilizoshikilia zege la juu, na wao wakiwa chini yake.

Nilikuwa nimeshampigia msimamizi wao. Alicheka.

“Mama, cheti chenu kinasema niondoe. Nguzo zinasubiriwa kwingine. Nitumie barua yenye muhuri wa maabara, hata picha yake, nitaziacha mpaka zichipue.”

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Muhuri nakaa nao mimi.

“Ulijua?” nikamwuliza binti yangu.

“Nilijua ilipokwisha kuchapishwa.”

“Ukanyamaza.”

“Ningesemaje? Watu walikuwa wameshanipigia makofi.”

Mkuu wa kitivo akaingia. Binti yangu alikuwa amemwita kwa simu. Akatusikiliza sote wawili kama mtu anayesikiliza habari za kuku wa jirani.

“Dada yangu, barua itoke, nani amekataa?” akasema. “Andika tu kwamba fundi wa maabara alikosea siku kwenye cheti cha zahanati. Cheti kimoja, kosa moja. Makala haiguswi.”

“Fundi wa maabara ni mimi.”

“Ndiyo maana nakwambia wewe uandike.”

Nikamgeukia binti yangu. Nikangoja.

“Mama, umebakiza miaka miwili ustaafu,” akasema, akiikwepa sura yangu. “Mimi ndiyo kwanza naanza. Wewe nani anakujua?”

“Watanifukuza.”

“Basi utapumzika mapema. Si kila siku unalalamika miguu?”

Kipande cha zege kiliwahi kuniangukia mguuni, kidole kikang’oka kucha. Siku ile nilipiga kelele. Safari hii sikupiga.

“Na majengo mengine yanayofuata makala yako?”

Mkuu akatazama saa yake.

“Hayo hayana cheti chetu,” akasema.

Nikavuta karatasi. Niliandika kwamba nguzo zisiguswe, kwamba vipande vilipimwa siku ya tisini na si ya ishirini na nane, na kwamba makala nzima imesimama juu ya kosa hilo. Nikaandika nani alipima. Binti yangu akainama kusoma.

“Mama! Umeandika jina langu!”

“Kamili, na shahada zake zote. Nisije nikaambiwa nimekuvunjia heshima.”

“Mimi ni mwanao!”

“Dakika tano zilizopita nilikuwa diploma.”

Mkuu akanyoosha mkono kuchukua muhuri. Nikamchapa vidole kwa rula ya chuma, akaurudisha kifuani kama mtoto aliyeungua. Nikagonga muhuri, nikapiga picha, nikatuma.

Msimamizi akajibu kabla sijaketi: nguzo hazitoki.

Binti yangu alikuwa ameshika ukingo wa meza, analia bila sauti. Sikumbembeleza. Nikachukua karatasi yenyewe, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya juu, nikabisha hodi kwa wakaguzi na kuingia.