Masomo ya Mama Kisu

Kiwandani walimwita Mama Kisu, na jina likamkaa, maana hakuna aliyekata ngozi ya viatu kama yeye. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa mwalimu wa chuo cha ufundi. Chuo kilikuwa kimeingia ubia na kiwanda: mafundi wafundishe, wanafunzi wasome kwa mtandao, kisha waje kiwandani kwa mazoezi.

"Wifi, nikubalie," mwalimu huyo alimwambia jikoni huku akimsaidia kumenya vitunguu. "Watakurekodi ukikata. Na wewe utasoma humo humo, upate cheti."

"Mimi na kompyuta wapi na wapi?"

"Nitakufundisha mwenyewe."

Akakubali. Walimrekodi akieleza jinsi ya kupapasa ngozi kutafuta kovu, na jinsi ya kupanga vipande ili ngozi isipotee bure. Kazi ilimnogea, akajiona mwalimu kweli. Lakini kompyuta waliyoletewa mafundi wasomee ilifungiwa ofisini, na kila alipoiulizia aliambiwa avute subira.

Wanafunzi walipokuja walijua pa kuanzia, maana walishamtazama mtandaoni. Walimwamkia kwa heshima, wakamzunguka mezani. Msimamizi aliwaangalia wiki kadhaa, kisha akamwita pembeni.

"Mama, umri umeenda. Kapumzike. Hawa vijana wanatutosha."

"Na wengine wakija, nani atawafundisha?"

"Masomo si yapo?"

Alifika nyumbani akakaa kitandani, viatu miguuni, hata maji ya kunywa asiyatake.

Wifi alikuja kesho yake, akabaki kasimama mlangoni.

"Nimekwenda kwa meneja. Anasema makubaliano ni ya masomo, ajira za watu hazimo. Wifi, naona haya hata kukuambia. Somo la kukata soli halijakamilika. Lisipokamilika ubia unavunjika, na mkate wangu uko hapo."

Mama Kisu alimtazama. Huyu ndiye aliyekesha naye hospitalini mumewe alipougua.

"Wanataka lini?"

Getini walimwandikisha kama mgeni. Kijana aliyekuwa mezani pake akampisha, hakujua aangalie wapi. Kamera ikawashwa, naye akaeleza taratibu, bila kuruka kitu. Mpigapicha akamwomba arudie maneno ya mwisho, apaze sauti kidogo.

Akarudia. Wifi yake alikuwa nyuma ya kamera, ameugeukia ukuta.